Kadhi, Jumbe na Hakimu: Habari za Sheria ya Kiislamu Katika Nchi Yetu

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu twalijua nusu tu. Kulijua jambo la sheria nusu ni hatari kuliko kutolijua kabisa, kwa maana asiyejua huuliza, na ajuaye nusu huamua. Jambo lenyewe ni hili: sheria ya Kiislamu ina mahali gani katika mahakama za Tanzania Bara, na imefikaje hapo?

Tutachukua mfano wa Dindira, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Huko Waislamu na Wakristo hukaa jirani, na mara nyingine hukaa katika ukoo mmoja, wakiwa na babu mmoja na makaburi mamoja. Chini ya milima, upande wa kusini, iko nchi ya Wazigua wa Handeni, na mashariki iko pwani, yaani Pangani na Tanga. Mtu wa Dindira akifa akaacha shamba, mjane na watoto, huulizwa swali moja: urithi wake ugawanywe kwa sheria ipi? Mzee wa ukoo atataja mila ya Wasambaa. Shehe atataja mafungu yaliyowekwa na Kurani. Karani wa mahakama atataja sheria zilizoandikwa na Serikali. Wote watatu wana sababu ya kusema hivyo, lakini sheria hizo tatu hazikuingia nchini siku moja, wala kwa mlango mmoja. Tukijua kila moja iliingiaje, tutajua pia ipi itafuatwa.

Basi tuanze na zamani za Wakilindi. Wasambaa husimulia kwamba nasaba ya wafalme wao ilianza na Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu. Wazao wake walitawala kutoka mji wa Vugha, na mkuu kati yao alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Katika siku hizo sheria ilikuwa ni mila. Ugomvi mdogo uliamuliwa na wazee wa ukoo. Uliowashinda wazee ulipelekwa kwa Mkilindi aliyetawala sehemu ile. Na mashauri makubwa yalifika Vugha. Wasambaa huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na urithi wao ulifuata njia hiyo. Wazigua, jirani zao, zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, hata mali ya mtu iliweza kwenda kwa wana wa dada yake, na watoto wake mwenyewe wakakosa. Kwa hiyo kabla hajafika mgeni yeyote wa Ulaya, mwendo wa siku chache tu kutoka mlimani mpaka bondeni ulitosha kumtoa mtu katika sheria moja na kumtia katika nyingine.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko Uislamu ulikuwa na karne nyingi, na watu walifuata madhehebu ya Imamu Shafi. Sultani wa Unguja alikuwa na maliwali katika miji, na makadhi waliamua habari za ndoa, talaka, mirathi na wakfu kwa kufuata vitabu vya fikihi. Kimojawapo kilichosomwa sana kilikuwa Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277.

Uislamu ulipanda milimani kwa miguu ya wachukuzi na wafanyabiashara, wala haukupanda kwa amri ya mfalme. Misafara iliyotoka Pangani ilifuata mto na kupita chini ya Usambara, na baada ya kufa Kimweri, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, palepale penye njia ya misafara, akapata nguvu kwa biashara. Watu wa pwani walijua kusoma na kuandika, nao wakawa makarani na washauri wa wakubwa. Hata habari za nasaba ya Wakilindi ziliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu mmoja wa pwani aliyekaa kati yao, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Lakini tuangalie vema: watu wengi waliosilimu milimani walishika sala, saumu na maziko ya Kiislamu, na huku mashamba yao yakaendelea kurithiwa kwa mila. Mtu mmoja alikuwa na sheria mbili, moja ya kufa kwake na moja ya shamba lake, wala hakuona ajabu. Hapo ndipo penye mzizi wa matata yote tutakayoyataja.

Kisha wakaja Wadachi. Baada ya vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, ambavyo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Abushiri, Serikali ya Wadachi ilishika nchi yenyewe tangu tarehe 1 Januari 1891. Katika miji ya pwani waliendelea kutumia maliwali, na mashambani waliweka maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani wenye kujua kuandika. Chini ya akida walikuwapo majumbe wa vijiji. Hapa historia ina jambo la kushangaza kidogo. Serikali ya Kikristo kutoka Ulaya ndiyo iliyochukua watu wa desturi za Kiislamu na kuwapeleka bara kuwa wakubwa wa nchi. Akida hakuwa kadhi, wala hakutumwa kueneza dini. Lakini palipo akida palikuwa na kanzu, barua ya Kiswahili na mwalimu wa chuo, na watu waliiga. Upande wa Usambara, Wakilindi walipunguziwa nguvu, na mwaka 1898 Mputa, mtawala wa Vugha, alinyongwa kwa amri ya Wadachi. Kiti cha Vugha kilichokuwa mwisho wa mashauri yote kikawa chini ya ofisi ya Bwana Mkubwa wa wilaya.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza wakashika Tanganyika. Tarehe 22 Julai 1920 ni siku ya kukumbukwa katika habari za sheria, kwa maana amri iliyotolewa siku hiyo iliingiza sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa siku hiyohiyo, pamoja na sheria kadhaa zilizokuwa zimetungwa kwa ajili ya India. Mila za wenyeji ziliruhusiwa kufuatwa, ila kwa sharti zisipingane na haki na maadili kwa jinsi majaji wa Kiingereza walivyoyaelewa.

Gavana Cameron, aliyetawala tangu mwaka 1925 mpaka 1931, alipendelea kutawala kwa mkono wa watawala wa asili. Kwa hiyo mwaka 1926 Wakilindi walirudishiwa madaraka Usambara, na mwaka 1929 ikatungwa sheria ya mabaraza ya wenyeji. Rufani za mabaraza hayo hazikwenda Mahakama Kuu; zilikwenda kwa mabwana wa wilaya na wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Pwani, baraza lilikuwa la liwali, na mashauri ya ndoa na mirathi ya Waislamu yalisikilizwa kwa sheria yao. Mlimani, baraza lilikuwa la Mkilindi, na sheria ilikuwa mila. Mtu wa Dindira aliyefanya kazi Tanga, akaoa huko na kujenga nyumba huko, kisha akarudi kwao akafa, aliweza kuacha nyumba inayofuata kitabu cha kadhi na shamba linalofuata neno la wazee. Kila baraza lilikuwa na haki katika mpaka wake. Taabu ilikuwa kwa mjane aliyekaa katikati ya mipaka hiyo.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Serikali mpya iliona kwamba taifa moja haliwezi kuwa na milango mingi ya haki, mmoja wa Mzungu, mmoja wa liwali na mmoja wa mtemi. Iliona pia kwamba si vema mtu mmoja awe mtawala na mwamuzi. Basi mwaka 1963 madaraka ya watemi na majumbe yaliondolewa, na mwaka uleule ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1964. Tangu siku hiyo pakawa na ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ikawa Kiswahili, na kwa miaka mingi hakimu wake aliketi pamoja na washauri waliotoka katika watu wa mahali pale.

Hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo wengi wanapokosea. Siku ile kadhi na liwali waliondoka katika kiti cha hukumu cha Serikali, lakini sheria ya Kiislamu haikuondoka. Ilibadili mwamuzi tu. Sheria za nchi zilisema wazi kwamba mahakama zitafuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mirathi, wakfu na mengineyo ya namna hiyo, kwa watu wa jamii inayofuata sheria hiyo. Mwaka 1964 ilitungwa hata sheria ya kumwezesha waziri kutangaza kwa maandishi kanuni za Kiislamu ili mahakimu wazitumie. Basi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, awe Mwislamu au Mkristo, anapaswa kugawa urithi kwa mafungu ya Kurani inapothibitika kwamba marehemu alikuwa mtu wa sheria hiyo.

Mila nazo ziliandikwa. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza kanuni za mila za makabila yanayohesabu ukoo kwa baba, ili zisiwe tena maneno ya mdomo yanayobadilika kila baraza. Tuzitazame kwa mfano wa hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Tuseme mtu ameacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mali yake ni mibuni 2,880.

Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Hiyo ni mibuni 360. Inayobaki ni 2,520, na mwana wa kiume hupata mafungu mawili penye fungu moja la binti. Mwana atapata 1,260, na kila binti 630.

Kwa kanuni za mila za mwaka 1963, warithi hupangwa kwa daraja. Mwana wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza huwa daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutegemea kutunzwa na watoto wake. Binti aliweza kutumia shamba la ukoo maisha yake, lakini hakuruhusiwa kuliuza.

Iko sheria ya tatu pia, ya watu wasiofuata mila wala Uislamu katika mambo yao. Hiyo ni sheria ya India ya mwaka 1865, mojawapo ya zile zilizoletwa zamani za Waingereza. Kwa sheria hiyo mjane hupata theluthi, na watoto wote hugawana sawasawa kinachobaki. Mjane wa mfano wetu atapata mibuni 960, na kila mtoto, mume kwa mke, 640.

Sasa angalieni. Shamba ni lilelile, na watu ni walewale. Lakini mjane aweza kupata 960, au 360, au asipate hata mbuni mmoja kuwa wake. Binti hupata karibu kiasi kimoja katika sheria mbili, 630 na 640, na katika ya tatu hushuka mpaka chini kabisa. Kwa hiyo swali la sheria ipi si la wanazuoni peke yao. Ni swali la chakula.

Mahakama hulijibuje? Hutazama mambo mawili: maisha ya marehemu na nia yake. Kuitwa Juma au Athumani hakutoshi. Mahakama huuliza: aliishi namna gani? Alioa kwa utaratibu gani? Alisema nini au aliandika nini juu ya mali yake? Je, matendo yake yaonyesha kwamba alitaka mambo yake yaendeshwe kwa sheria ya dini yake, au kwa mila ya ukoo wake? Yule mtu wa zamani tuliyemtaja, mwenye sheria moja ya kufa kwake na nyingine ya shamba lake, leo huwapa watoto wake kazi ngumu mbele ya hakimu, kwa sababu maisha yake hutoa ushahidi wa pande mbili.

Katika ndoa na talaka mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, iliyoanza tarehe 1 Mei mwaka ule, na hiyo ndiyo inayotawala ndoa za watu wote, Waislamu, Wakristo na wa mila. Ndoa ya Kiislamu hutambuliwa, na huhesabiwa kuwa ndoa inayoweza kuwa ya wake wengi. Lakini talaka ya mdomo peke yake haiivunji ndoa mbele ya Serikali. Sharti kwanza wenye ugomvi wapite katika baraza la usuluhishi. Wakishindwa kupatana, na talaka ikatolewa kwa kanuni za dini, mahakama huithibitisha na kutoa hati. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waislamu wawili walioachana, iliamua kwamba kazi za mke nyumbani huhesabiwa kuwa mchango wake katika kuchuma mali ya ndoa. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, hali mwanamume wa ukoo uleule haki hiyo anayo, ni kupingana na Katiba.

Wengine watauliza, mbona Unguja na Kenya wana makadhi wa Serikali? Ni kwa sababu historia zao ni nyingine. Zanzibar iliingia katika Muungano wa mwaka 1964 ikiwa na mahakama zake, na makadhi wake wameendelea kuwa sehemu ya mahakama hizo. Sheria yao ya mwaka 1985 ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2017. Kenya, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Ulipounganishwa na nchi mwaka 1963, iliahidiwa kwamba makadhi watabaki, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewaweka, ila kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yao. Tanganyika haikuwa na ahadi ya namna hiyo.

Bara neno hili limezungumzwa sana. Mwaka 2005 chama kinachotawala kiliahidi katika ilani yake kulitafutia ufumbuzi suala la mahakama ya kadhi, na mwaka 2015 muswada uliohusu jambo hilo uliondolewa Bungeni kabla haujapitishwa. Wanaoitaka husema kwamba sheria ya dini yapasa iamuliwe na mtu aliyeisoma, na kwamba hakimu asiyejua fikihi aweza kukosea mafungu. Wanaoikataa husema kwamba Serikali haina dini, na kwamba Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Sisi hatukuja kuwaamua. Linalotupasa kueleza ni hali ilivyo: makadhi wa BAKWATA, baraza lililoanzishwa mwaka 1968, waweza kushauri, kupatanisha na kupiga hesabu ya mirathi, na watu wakiridhika wenyewe amani hupatikana. Lakini mmoja akikataa, nguvu ya kumlazimisha iko mahakamani tu.

Kwa hiyo, wazee wa Dindira na wa kila mahali, tungewaomba mambo matatu. La kwanza, mtu aseme nia yake akiwa hai, mbele ya mashahidi, na bora aiandike. Mwislamu akumbuke kwamba kwa sheria yake wasia hauzidi theluthi ya mali, wala hafanyiwi wasia mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. La pili, hati ya ndoa na ya talaka zitunzwe kama zitunzwavyo fedha, maana mjane asiye na hati huanza safari yake mahakamani kwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. La tatu, msimamizi wa mirathi asidhani kuwa amekuwa mwenye mali. Amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na mahakama yaweza kumdai hesabu.

Jumbe ameondoka, akida ameondoka, na liwali ameondoka. Sheria walizoziamua zimebaki, zimeketi pamoja katika chumba kimoja cha Mahakama ya Mwanzo, na hakimu huziita moja moja kwa kadiri marehemu alivyoishi. Mtu asipochagua mwenyewe akiwa na pumzi, atachaguliwa na ushahidi wa wanaogombania shamba lake.